Kivuli Kidarini

Pale Ligula, wiki ya pili ya kikohozi,
mpiga picha alibandika eksirei kwenye taa
nikaona kidarini mwa Fakihi, juu ya moyo,
kivuli kipana, kimechongoka upande mmoja,
kama jani la mkorosho lililodondokea shukani.
Ana miezi mitano tu, mwanangu.
Nikauliza: ni kidonda? Ni maji?
Nilikuwa nimeshaanza kumlilia.

Bwana Nandonde akavua miwani, akaifutia koti.
"Kikohozi kiko huku chini, tutakitibu.
Hicho si ugonjwa, mama. Hicho ni chuo.
Tezi yenyewe yaitwa thaimasi.
Wewe unafanya kazi gani?"
Kiwandani, nikasema. Nachambua korosho.
"Basi utanielewa kuliko wanafunzi wangu."

Vidole vyangu vilielewa kwanza,
hivi vilivyobabuka kwa mafuta ya ganda.

Wanatoka ubohoni mwa mifupa, seli changa,
hazina jina wala kazi,
damu inazishusha pale kama magunia ya Oktoba
yanayoingia ghalani hayajapimwa.
Humo kila moja hujichongea mkono wake,
huchanganya urithi ovyo ovyo, kama mtu achanganyaye karata gizani,
mkono wa kukamatia ugonjwa
ambao pengine bado haujazaliwa.

Kisha meza ya kwanza.
Mwili unazinyooshea sahani yake: haya, shika.
Isiyoweza kushika hata kidogo
haifukuzwi, haipigwi.
Haiitwi tu.
Inakaa siku tatu, nne, ikingoja,
inakufa kwa kutoitwa.
(Nikamkumbuka Esha Mchopa, kibarua mwenzangu,
msimu ule jina lake halikusomwa getini.
Sikumwambia Bwana Nandonde.)

Meza ya pili ndiyo iliyonishangaza.
Ndani ya kijitezi kile
kuna vionjo vya mwili mzima:
cha ini, cha jicho, cha kongosho,
cha ngozi ya kisigino,
vitu visivyo na kazi yoyote kifuani,
vimewekwa vitazamwe.
Huyu ndugu. Na huyu.
Na huyu hutakutana naye hadi uzeeni, lakini ni ndugu.
Atakayemshika ndugu akakaza
hatoki.
Wachache wa kutiliwa shaka hubadilishiwa kazi,
hufanywa wasuluhishi,
wa kuwashika wenzao mikono mambo yakichafuka.
Waliobaki huambiwa wajimalize,
na masalia yao huliwa kimyakimya
bila homa, bila uvimbe,
mama mtu yuko jikoni anakuna nazi.

Katika mia hutoka wawili, watatu.

Nikasema: mimi nikitupa tisini na saba katika mia
msimamizi atanitoa kwa ukosi.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Msimamizi wako anauza. Huku hakuna mnada.
Mmoja mbovu akipita, ataitafuna kongosho ya Fakihi
akidhani anailinda."

Nikamuuliza: na changu mimi, hicho chuo?
Akatazama kifua changu kwa adabu, kama anasoma ubao wa mbali.
"Kimebaki mafuta mafuta.
Ukubwani hufungwa, kidogo kidogo, pori linarudi.
Waliohitimu ndio hao hao, wanajigawa, wanazunguka."

Basi yumo mmoja ndani yangu
anayeikumbuka surua ya Kitangari,
nilipokuwa na miaka sita nikafungiwa chumba cha uani.
Mimi nimeisahau hata sura yake.
Yeye angali anaijua.

Usiku ule Fakihi alilala na dripu,
nikaweka kiganja pale juu ya moyo.
Sikusikia kitu. Kifua kilipanda, kikashuka.
Maelfu walikuwa wanafeli chini ya mkono wangu
na yeye akatabasamu usingizini.

Jumatatu nikarudi mezani.
Ikanijia korosho yenye doa, dogo, kama ncha ya sindano.
Nikaishika muda mrefu kuliko kawaida.
Msimamizi akapiga makofi: mikono, akina mama, mikono!
Nikaitupa.